Ruta haigundui hitilafu, huihisi

CHUKUA kazi inayomkabili fundi wa mitandao hapa Eldoret anayeunganisha ofisi mbili kwa njia mbili ili moja ikikatika nyingine ishike: kusanidi ruta na swichi zijue upesi kwamba linki haipo. Ukiitafsiri neno kwa neno unapata 'ugunduzi wa haraka wa kushindwa kwa kiungo'. Sarufi haina neno. Maana ndiyo inayoyumba.

'Kiungo' tayari limebeba mkono na mguu, bizari na iliki, na hata anwani ya kubofya kwenye tovuti. Kulitwika waya wa faiba pia ni kulionea. Mafundi wenyewe husema 'linki imeenda' au 'iko daun', na sioni sababu ya kuwakemea (hilo 'daun', sawa, tuliache kwa leo).

'Kushindwa' nalo halifai. Anayeshindwa alijaribu jambo. Waya haujaribu chochote, hukatika. Kauli hiyo ya kutendeka inafaa pia kuliko 'kukatwa', ambayo humtafuta mkataji, awe mwizi au trekta la wajenzi wa barabara, ilhali ruta haimjui wala haina haja naye.

Lakini kosa kubwa limo katika 'ugunduzi'. Itifaki inayotumiwa sana kwa kazi hii, BFD, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka wa 2010, ni mazungumzo tu. Ruta mbili hutumiana ujumbe mfupi kwa vipindi vilivyopangwa. Ukiweka kipindi cha milisekunde 300 na kuruhusu jumbe 3 zikosekane, ukimya wa milisekunde 900 unatosha ruta kuamua kwamba mwenzake hapatikani na kugeuzia data njia nyingine. Bila BFD, itifaki ya OSPF kwa mpangilio wake wa kawaida inaweza kungoja sekunde 40. Na kutazama taa hakusaidii: pakiwa na swichi katikati, taa ya ruta huendelea kuwaka hata upande wa pili ukiwa umekatika.

Sasa hapo ruta imegundua nini? Imesikia kimya, basi. Kitenzi 'gundua' hakikubali uongo. Huwezi kusema, 'Nimegundua mvua inanyesha, lakini hainyeshi.' Ruta nayo hukosea. Punguza kipindi hadi milisekunde 50 kwenye linki ya redio iliyolemewa na msongamano, uone. Kimya cha milisekunde 150 tu kitaifanya iiache njia nzima, irudi, iiache tena. Fundi aliyefundishwa kwamba mashine 'imegundua' hitilafu atapanda mnara kukagua antena, wakati dawa ni kulegeza vipindi.

'Kubaini' na 'kutambua' yana dosari iyo hiyo. Mimi napendekeza 'kuhisi'. Najua nitaambiwa hilo ni neno la moyoni. Mbona basi 'kihisi' limekubalika kwa kifaa kinachonusa moshi? Tena 'kuhisi' huacha nafasi ya kukosea: nilihisi kuna mtu mlangoni, kumbe ni upepo.

Tuseme basi 'kuhisi upesi kukatika kwa linki', na 'upesi' likae papo hapo. Ukilisogeza, 'kuhisi kukatika upesi kwa linki', ni linki sasa inayokatika upesi. Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha Kiswahili, kinafundisha pia teknolojia ya habari. Wa kunipinga ningependa watoke huko kwanza.