Kidirisha cha Mwenye Miwani

Mtu apandaye mlima wa Manga alfajiri kutoka upande wa mji wa Kisii, akiwa amevaa miwani kama mimi niliyeivaa tangu utoto, hukutana na ukungu wa namna mbili: ule utandao juu ya migomba na mashamba ya chai, ambao jua litauondoa lenyewe ifikapo saa tatu, na ule ushikao vioo vyake kwa pumzi na jasho la mlima, ambao hana budi kuufuta kwa pindo la shati. Nayaanza maneno yangu na pindo hilo la shati kwa kuwa watu wengi wakizungumza juu ya kamera za filamu huanza na lenzi, wakausifu ukali wake na nchi ilikotoka, wasiulize kabisa jicho litakaa wapi. Ilhali kwa mwenye miwani suala la jicho ndilo la kwanza, na mengine yote, hata lenzi yenyewe, ni wafuasi wake.

Kamera ninayoisifu ni ile ipimayo umbali kwa madirisha mawili, ambayo mpiga picha hatazami kupitia lenzi. Usoni pake, juu ya lenzi, yamo madirisha ya kioo yaliyoachana kwa sentimita saba hivi. Kila moja huona kitu kile kile kwa pembe yake, na ndani ya kidirisha cha kuchungulia, katikati, kuna kiraka chepesi cha mwanga ambamo sura hizo mbili hupandana. Mchuma chai akisimama mteremkoni hatua nane kutoka nilipo, kapu lake mgongoni huonekana mawili, moja thabiti na moja mfano wa kivuli. Nageuza pete ya lenzi kwa ncha ya kidole, kivuli kinajongea, kinajongea, hata ufito wa kapu hili unaingia ndani ya ufito wa lile, na hapo umbali umekwisha pimwa. Hakuna kukisia, wala giza la kulifunika jicho wakati wa kufyatua, maana hakuna kioo kinachoinuka na kushuka ndani yake.

Waama kidirisha hicho hukusudia jicho liwe karibu nacho sana, na miwani hulizuia. Achunguliaye katika tundu la ufunguo akirudi nyuma nusu ya dole, chumba chote humfinyia. Ndivyo ilivyo kwetu sisi, ambao daima tumesimama hatua moja nyuma ya mlango. Mwaka 1954 kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, kilitoa Leica M3, ambayo kidirisha chake kiliuonyesha ulimwengu kwa kipimo cha 0.91, karibu sawa na ukubwa ambao jicho huuona, hata mtu akaweza kuyafumbua macho yote mawili akaona mistari ya mpaka wa picha inaelea hewani. Uzuri huo siukatai. Lakini mistari ya lenzi ya milimita 50 imekijaza kidirisha hicho karibu hadi kingoni, na mwenye miwani nene hulazimika kulizungusha jicho pembe kwa pembe kama mlinzi azungukaye ua. Ikafuata M2 ya kipimo cha 0.72, yenye nafasi ya lenzi ya milimita 35. Na baada ya miongo mingi, mwaka 2000, M6 TTL ikapatikana kwa kipimo cha 0.58, ambacho twaweza kukiita sadaka kwa wenye miwani. Sadaka hiyo ina gharama yake, kwa kuwa kadiri sura inavyopunguzwa ndivyo usahihi wa kupima umbali upunguavyo: masafa ya milimita 69 yaliyo baina ya madirisha, yakizidishwa kwa 0.72, hufanya kazi kama milimita 50, na kwa 0.58 kama 40 tu. Kwa lenzi ndefu ya milimita 90 tofauti hiyo huuma. Kwa lenzi fupi haina neno.

Wako watakaomshauri mwenye miwani aivue, afungashe kioo cha kusahihisha macho kwenye kidirisha. Ushauri huo unamfaa mwenye upungufu mwepesi. Mimi jicho langu limepinda, na kioo cha duara sahili hakilitoshi. Tena nikiivua miwani ili nichungulie, nitamwonaje mtu ninayetaka kumpiga picha kabla sijachungulia? Nami nilikwisha adhibiwa: kamera kuukuu niliyoinunua kwa pupa, jina lake nitalisitiri, ilikuwa na pete ya chuma tupu kwenye kidirisha, na katika wiki moja ikanichorea kioo cha kulia duara kamili, kama mwezi mpevu. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei, hulipitisha dole gumba juu ya pete hiyo. Ikiwa ni chuma, hutafuta kipande cha mpira laini, nikakibandika.

Basi nilichagua M2, na juu yake lenzi ya milimita 50, si ya 35. Wenzangu walistaajabu, kwani kamera hiyo husifiwa kwa ajili ya 35. Lakini kwa jicho langu mistari ya 35 hugusa ukingo wa giza, ilhali ile ya 50 hukaa ndani, na pembeni mwake hubaki uwanja mpana wa mambo yasiyomo katika picha: mtoto ajaye mbio, ng'ombe, mkono uinukao. Mpiga picha wa studio, mfano wa wale wa Capital Art Studio ya Zanzibar iliyofunguliwa mwaka 1930, humketisha mgeni na kuitengeneza shingo yake. Mimi humngoja mtu nje ya mstari, nikamwona anakuja, nikajua kabla ya picha kujua. Tena lenzi iwe ndogo. Lenzi pana yenye kofia kubwa huingia katika pembe ya chini ya kidirisha ikala robo ya mandhari, na mwenye miwani hana robo ya kupoteza.

Juma lililopita, ukungu ulipokwisha, nilimwomba ruhusa mama mmoja achumaye chai chini ya majabali, naye akakubali kwa sharti la kuletewa picha yake iliyokwisha safishwa. Nikangoja. Alikuwa nje ya mistari, upande wa kushoto, akitupa majani begani kwa mikono miwili bila kuangalia nyuma; akapiga hatua, akaingia, makapu mawili yakawa moja, nikafyatua, nikavuta mkanda. Yeye akasimama wima, akaipangusa mikono yake kwenye leso, akaurekebisha uso wake kwa taadhima.

"Haya, mwalimu," akasema, "sasa niko tayari. Piga."