Lahaina: Mbiu Isiyolia, Simu Isiyoshika

Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Jambo gani, mbiu haisemi. Hapo ndipo ilipo hitilafu ya Lahaina, mji wa pwani katika kisiwa cha Maui, Hawaii.

Agosti 8, 2023, moto wa nyika uliosukumwa na upepo mkali uliuteketeza mji huo na kuua watu 102. Maui ilikuwa na ving'ora 80 hivi, sehemu ya mfumo wa jimbo wenye karibu 400. Hakikulia hata kimoja.

Ving'ora hivyo hujaribiwa siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi, saa sita kasorobo mchana. Kwa wakazi wengi wa pwani, mlio huo maana yake ni tsunami: panda mlimani. Lakini safari hii moto ulikuwa unashuka kutoka huko huko mlimani. Herman Andaya, aliyekuwa mkuu wa idara ya dharura ya Maui, alijitetea kwamba wangevipiga, watu wangeukimbilia moto. Kesho yake akajiuzulu. Hata hivyo, maelekezo ya jimbo lenyewe yaliutaja moto wa nyika miongoni mwa majanga ya kupigiwa king'ora.

Tegemeo likabaki kwenye tahadhari inayotumwa kwa simu. Tahadhari ya aina hii si SMS, ambayo hufuata namba moja moja. Mnara huirusha kama redio inavyorusha matangazo, na kila simu iliyo eneo hilo huinasa kwa pamoja, bila programu, hata laini zikiwa zimeelemewa. Tena huja na maneno: hatari gani, wapi, uende upande gani. Maui waliituma. Ila upepo ulikuwa umeshaangusha nguzo, umeme umekatika na mawasiliano yamekufa sehemu kubwa ya mji. Simu ina chaji, iko mkononi, lakini mtandao hausomi.

Kwa hiyo kila chombo kina udhaifu wake. King'ora kina sauti bila maneno. Upepo ukivuma na madirisha yakifungwa, aliye ndani huenda asikisikie. Simu ina maneno na humwamsha aliyelala, ila mnara ukizimika inakuwa bubu. King'ora cha betri na sola kinaweza kulia hata nguzo zikiwa chini. Ndiyo maana haifai kuchagua kimoja: king'ora kishtue, simu ieleze, redio ishike pale simu inapokwama.

Mpango huo utafanya kazi iwapo watu watafundishwa kwamba mlio huo hausemi "panda mlimani", bali "tazama nje, sikiliza redio, soma simu". Hofu ya Andaya haikuwa ya bure kwa watu waliozoea maana moja. Jaribio la kila mwezi linathibitisha kwamba king'ora kinalia; halithibitishi kwamba aliyekisikia anajua la kufanya.