Sifa za Mchora Nakshi za Ukuta

Mwaka 1879 Joseph Thomson, mpelelezi wa Kiskoti aliyekuwa na umri wa miaka 21, alifika kwenye tambarare za ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Rungwe. Katika kitabu alichokichapisha 1881 alisifu usafi wa vijiji vya huko na miti yake mikubwa ya vivuli, kisha akageukia kuta. Nyumba zilikuwa za mviringo, kuta zimeinamia nje kidogo, udongo wake umefinyangwa vipande vipande kama matofali ya duara, na juu yake yametiwa madoa yaliyopangwa kwa ulinganifu.

Madoa hayo hayakuzuia mvua wala hayakushikilia paa. Aliyeyatia alitaka tu ukuta wake upendeze, na alijua kwamba doa moja halitoshi: uzuri uko katika kulirudia, na katika nafasi inayoachwa kati ya doa na doa. Mtu akiniambia kwamba kubuni nakshi za karatasi za ukutani ni kazi ya ughaibuni isiyotuhusu, humwonyesha madoa hayo. Karatasi ni ngeni. Kazi yenyewe ni ya siku nyingi hapa.

Rungwe ina funzo hata kuhusu mitindo. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa huko, katika miaka ya 1930, walieleza desturi ya vijiji vya marika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Wakakulia humo, wakaoa, wakawa wazee wakiwa bado majirani. Desturi hiyo imekwisha, lakini ndivyo mitindo inavyokwenda hadi leo: kila rika hujenga upya huku likichungulia kwa jirani. Mtafiti wa mitindo ni yule anayechungulia kwa makini kuliko wengine, halafu akauliza kwa nini.

Mtafiti huyo akiingia sebule ya Tukuyu, mji wa Rungwe, ana mengi ya kusoma kabla hajafungua simu kutazama mapambo ya Milano. Ukuta wa matofali ya kuchoma umepigwa plasta. Kuanzia chini hadi kimo cha kiuno umepakwa rangi ya mafuta, aghalabu nzito. Juu yake ni rangi ya maji, nyepesi. Mpaka huo umewekwa na watoto, viti na viatu vyenye tope: chini panafutika, juu panang'aa. Kochi limevishwa vitambaa vya kufuma, na ukutani ipo kalenda ya kanisa na picha ya harusi. Wazee watakumbuka nyumba za udongo zilizobandikwa magazeti kwa gundi ya unga wa ngano, ili kuzuia vumbi na kumpa mgeni cha kusoma. Magazeti yale yalikuwa karatasi za ukutani kabla jina hilo halijatufikia. Mbuni anayeyasoma hayo yote anajua wenyeji wanataka nini: sehemu ya chini ivumilie mikono, na ya juu iwe na jambo la kutazamwa kila siku bila kuchosha.

Kisha huja kubuni, na hapa mfano wangu ni jani la mgomba. Mwaka 1942 kampuni ya CW Stockwell ya California ilitoa karatasi iitwayo Martinique: majani mapana ya mgomba, ya kijani kibichi. Hoteli ya Beverly Hills iliibandika katika korido zake, na tangu hapo jani hilo limeigwa mara zisizohesabika. Leo mtu wa Tukuyu, ambaye dirisha lake limezibwa na migomba, anaweza kuagiza mwigo wake kutoka nje na kuubandika karibu na dirisha hilohilo.

Jani la Martinique ni zuri, lakini ni zima, nyororo na halina umri. Anayeishi Rungwe anajua kwamba jani zima ni la siku chache tu. Upepo hulichana kuanzia ukingoni kuelekea uti wa katikati, ukifuata mishipa iliyolala sambamba. Mipasuko yote hushika njia moja, ila nafasi kati yake hazilingani. Chini, majani makavu ya hudhurungi yameangukia shina, na katikati yao linaning'inia ua la rangi ya damu ya mzee. Hiyo tayari ni nakshi, yenye mistari, nafasi na rangi zake. Mbuni anayeanzia hapo hana haja ya kuiga Martinique, wala ya kuhofu kwamba jani la mgomba limekwisha kuchorwa. Lililochorwa ni jani la hotelini. La shambani bado.

Mchoro mzuri, hata hivyo, bado si karatasi ya ukutani. Roli la kawaida lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10 hivi, na ukingo wa kulia lazima ukutane na wa kushoto wa kipande kinachofuata bila macho kuona kiungo. Mfano tunao katika kitenge: kikate popote, nakshi yake huendelea. Zamani hesabu hii ilifanywa kwa vibao vya mbao. Mwingereza William Morris alipotoa nakshi yake ya Acanthus mwaka 1875, ilihitaji vibao 30. Siku hizi kompyuta hurudia mchoro kwa sekunde, lakini haikuonyi kwamba ua ulilolipenda peke yake, likirudiwa mara mia, litageuka mstari wa mshazari unaovuta macho kila uingiapo chumbani. Ndiyo maana mbuni hodari hushusha kila safu ya pili nusu kimo, huchapa kipande kikubwa, hukitundika, kisha hurudi nyuma na kutazama.

Mahali napo pana masharti yake. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Rangi ya kijivu iliyotawala nyumba za Ulaya na Marekani katika miaka ya 2010, ukiipeleka Tukuyu mwezi Julai, huongeza baridi kwenye chumba ambacho tayari kina baridi. Karatasi ya plastiki ikibandikwa juu ya plasta ambayo haijakauka hufungia unyevu ndani, na kuvu huota nyuma yake. Mbuni asiyewauliza mafundi wa mjini kuta hukauka kwa muda gani atachora kitu kizuri kitakachobanduka.

Huu ni ufundi unaodai macho ya mkulima, hesabu za fundi seremala na subira ya mfumaji, na unastahili heshima wanayoipata wajenzi na mafundi rangi. Mwenye nyumba, kabla hujaagiza jani la mgomba kutoka ng'ambo, mtafute kijana wa jirani anayejua kuchora umwonyeshe ukuta wako. Nawe kijana, usichore cha kuiga: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya mbunifu, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili ya kuisajili. Mchoro ni kazi, na kazi hulipwa.