Wakala Asiye na Desturi: Tahakiki ya Mwongozo Mmoja wa Kuhariri Picha

Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha ya mwongozo mfupi, wa kurasa nne, ulioandikwa kwa Kiswahili mjini Kitengela na vijana wawili waunda programu. Mwongozo huo unaeleza chombo cha kuhariri picha kwa akili unde (au akili mnemba, kama wenzetu wa Tanzania wanavyoiita). Kinachoupa upekee ni msomaji wake. Haukuandikiwa mpiga picha wala mwenye duka la saiba, bali programu nyingine, ile ipokeayo ombi la mteja, ikachagua chombo kinachofaa na kukitumia bila kushikwa mkono. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, maandishi ya aina hii yamepata umbo linalotambulikana: jina la chombo, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na vigezo vinavyopokewa. Programu huchagua chombo kwa kuyasoma maelezo hayo. J. L. Austin, katika kitabu chake kilichotoka 1962, alipozungumzia maneno yanayotenda, alikuwa na fikira za ndoa na kupewa jina kwa meli. Hapa maneno yanatenda bila kasisi na bila mashahidi.

Yafaa kwanza tuwape waandishi haki yao. Wateja wao huomba kwa Kiswahili, na wao wakaona si busara ombi la Kiswahili lipitie Kiingereza ndipo lieleweke. Sentensi zao ni fupi, na mifano yao imetoka madukani, si vitabuni. Tatizo liko katika istilahi.

Mwongozo unamwita msomaji wake "wakala", na kumpatanisha na ngeli ya watu: wakala asome, wakala achague. Sarufi haina kosa. Lakini neno wakala, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni ndugu wa wakili, halimtaji mtenda kazi tu. Lamtaja mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine na anayeweza kuulizwa. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mkazi wa Kitengela anamjua wakala: yumo kibandani, na fedha zikienda kombo, panajulikana pa kumpata. Programu haina kibanda. Silikatai neno, maana limekwisha enea. Ila anayelitumia hana budi kueleza ni nani aliyemtuma wakala huyo, na ni wakati gani arudi kumwuliza. Katika kurasa zote nne, kitenzi "uliza" hakimo.

Tazama tena "barakoa". Neno hili limetumiwa kwa ile picha ya pili inayoionyesha programu ni sehemu gani ibadilishwe. Kwa msomaji aliyepitia mwaka 2020, barakoa ni kitu cha kukinga, na mwongozo unasema kwamba barakoa "hufunika sehemu ya kuhaririwa". Je, kilichofunikwa ndicho kinachokingwa au ndicho kinachobadilishwa? Vyombo vyenyewe havikubaliani: katika vingine sehemu iliyoachwa wazi ndiyo huchorwa upya, katika vingine ile iliyopakwa nyeupe. Kosa la kinyume hapa lina maana ya kuhifadhi doa na kufuta uso. Ningependelea waseme waziwazi "sehemu ya kubadilishwa" na "sehemu isiyoguswa".

Hata hivyo kasoro hizo ni ndogo zikilinganishwa na ile ya sentensi ya kwanza: "Chombo hiki huboresha picha; kitumie mteja anapotaka picha safi." Mpiga picha wa Kajiado akiambiwa aboreshe picha ya harusi anajua, bila kuelezwa, kwamba aongeze mwanga na asiguse rangi za ushanga wa bibi harusi, maana rangi hizo zina wenyewe. Desturi humjazia yale ambayo neno liliacha wazi. Msomaji wa mwongozo huu hana desturi ya kumjazia. Isitoshe, "kuboresha" kumebebeshwa kazi tatu: kuondoa kilichozidi, kudhihirisha kilichopo lakini hakionekani vizuri, na kubuni kisichokuwapo. Lugha yetu ina vitenzi vya kuzitenga kazi hizo: kufuta, kudhihirisha, kubuni. Vyombo vingi vya namna hii huichora picha upya, na pale alama zinapokosekana hujaza kile kinachoelekea kuwapo. Tarakimu iliyofifia hurudi ikiwa tarakimu inayowezekana.

Hilo ndilo linalotia hofu, maana Kajiado ni nchi ya hatimiliki. Ranchi za vikundi zilizoundwa kwa sheria ya 1968 zimegawanywa vipande, vipande vikakatwa tena kuwa ploti, na familia nyingi hazina ushahidi mwingine ila karatasi yenye namba. Siku nilipoalikwa kukitazama chombo, mzee mmoja alileta nakala ya hati iliyoingia maji, yenye doa juu ya namba baada ya maneno Kajiado/Kaputiei North. Aliomba isafishwe ipate kusomeka. Wakala alikichagua chombo, kama mwongozo ulivyomwelekeza, na karatasi ikatoka kama iliyochapwa asubuhi ile. Mzee alivaa miwani, akasoma, akanigeukia. "Mwalimu," alisema, "hii shamba si yangu. Hii ni ya jirani." Tarakimu ya mwisho ilikuwa 3, chombo kiliandika 8.

Jambo hili si geni kabisa. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilibadilisha tarakimu katika nakala, 6 ikawa 8, kwa sababu ya mbinu ya kubana picha iliyochukua umbo moja na kuliweka mahali pa jingine linalofanana nalo. Nakala ilikuwa safi, na usafi wake ndio uliodanganya. Tofauti ni kwamba mashine ile ilikosea. Chombo cha Kitengela kilitii.

Vijana walinijibu kwamba maelezo marefu yana gharama, kwani kila neno huchukua nafasi katika yale ambayo wakala anaweza kuyasoma kwa mara moja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sentensi ninayoipendekeza si ndefu: "Chombo hiki hubuni visivyoonekana, usikitumie kwa hati, namba wala maandishi, ukiwa na shaka, muulize mteja." Wao wanahofia kwamba neno "hubuni" litawafukuza wateja. Nikawakumbusha kwamba mteja hausomi mwongozo huu. Wamekwisha andika upya ukurasa wa barakoa. Ule wa kwanza, wenye "huboresha", bado tunabishana juu yake.