Gitaa na Neno: Uhakiki wa Kazi ya Remmy Ongala

Ikola, katika Mkoa wa Katavi, ni bandari ndogo ya ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Ramani imeweka mpaka ziwani, lugha haikuuweka. Mvuvi wa upande huu na mchuuzi wa upande ule huelewana kwa Kiswahili, ijapokuwa mmoja husema "nchi" na mwenziwe "inchi". Kazi ya Remmy Ongala hupimwa vema kutoka mahali kama hapo, maana aghalabu mwimbaji huyo hutajwa kuwa mgeni aliyekuja kuimba Tanzania. Kwa kuzaliwa alikuwa mgeni. Kwa lugha hakuwa.

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Kindu, mashariki ya Kongo. Alipiga muziki kwao, na mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kuingia katika bendi ya Orchestra Makassy, iliyoongozwa na jamaa yake. Kisha alijiunga na Matimila, bendi ambayo kwa sauti yake ilivuma kwa jina la Super Matimila. Wasikilizaji walimwita Dokta, na mtindo wake yeye aliuita ubongo. Jina hilo si la mzaha. Muziki wa dansi hudai miguu. Mtu huyu alidai na kichwa pia. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, baada ya kuigeuza sauti yake katika miaka ya mwisho kuwa ya nyimbo za dini. Mtaani Sinza jina lake lingali likitajwa kila siku na wasafiri wasiopata kumwona: wanashuka kwa Remmy.

Thamani ya kazi hii huonekana wazi zaidi ikiwekwa kando ya kazi iliyo mbali nayo. Yngwie Malmsteen, mpiga gitaa wa roki nzito na metali, alizaliwa Stockholm mwaka 1963, na mwaka 1983 akahamia Marekani akiwa bado kijana. Santuri yake ya mwaka 1984, iitwayo Rising Force, karibu yote ni muziki usio na maneno. Msweden huyo aliyehusudu ufundi wa Bach na Paganini alivuka bahari na kuiacha lugha ya mama yake nyuma, na muziki wake haukupungukiwa na kitu, kwa kuwa maana yake ilikaa vidoleni. Hata palipo na mwimbaji, sikio la msikilizaji hungojea gitaa. Remmy naye alihama akiwa mtu wa gitaa, walakini safari yake ilikuwa ya namna nyingine. Malmsteen alivuka lugha; Remmy alivuka mpaka tu. Katika bendi yake magitaa husukana kama ukili, moja likiingia panapotoka jingine, lakini ususi huo wote ni mkeka uliotandikwa ili neno lipate kukaa.

Na neno lenyewe ni la namna gani? Si neno la mashairi ya mizani na vina. Mwenye kulitafutia vina atatoka mikono mitupu. Ni neno la barazani: huuliza, hulalamika, huonya, hurudi nyuma na kusisitiza. Katika "Kifo" mwimbaji hakipambi kifo wala hakitishi watu nacho. Hukishitaki kama jirani aliyevunja ujirani. Waimbaji wengi wa metali wamekifanya kifo kuwa sura ya kutisha inayotazamwa kwa mbali. Kwa Remmy kifo ni mgeni aliyekwisha kuingia ndani, na kila msikilizaji anamjua. "Nalilia Mwana" nayo huchukua kilio cha asiye na mtoto, jambo linalosemwa kwa kunong'ona nyuma ya mlango, ikalileta mbele ya watu wanaocheza. Hapo ndipo ulipo ujasiri wake.

Tazama tena jina la wimbo "Kipenda Roho". Ni nusu ya methali. Mwimbaji ameitamka nusu, na nusu ya pili, "hula nyama mbichi", imo kinywani mwa msikilizaji. Hivyo wimbo huanza kwa ushirika wa watu wawili kabla ya gitaa kulia. Ufundi huo ndio uliotenda kazi katika "Mambo kwa Soksi", wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukiangamiza watu. Redio ilikataa kuupiga. Lakini neno "soksi" ni tafsida halisi ya Kiswahili: husitiri kitu kwa jina la kitu kingine cha kuvaliwa, na kila mtu mzima huelewa. Waliokataa wimbo hawakushindwa kulielewa fumbo. Walilielewa upesi mno.

Mwaka 1988 Super Matimila ilialikwa Uingereza na shirika la WOMAD, na mwaka 1989 santuri Songs for the Poor Man ikatolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Jina la santuri ni la Kiingereza, lakini majina ya nyimbo ni ya Kiswahili, "Sauti ya Mnyonge" ikiwamo. Santuri ya pili, Mambo, ya mwaka 1992, ilikuwa na "One World" na "No Money, No Life" kwa Kiingereza. Hapa mhakiki hana budi kusema kweli. Nyimbo hizo ni nyepesi. Methali zimetoweka, na badala yake zimeingia kauli ambazo yeyote angeweza kuzisema popote. Magitaa ni yale yale na sauti ni ile ile. Kilichopungua ni msikilizaji wa kuimaliza nusu ya pili. Katika santuri hiyo hiyo umo wimbo ulioandikwa "Inchi Yetu", kwa matamshi ya magharibi ya ziwa, na neno hilo moja lina uzito kuliko kuuimbia ulimwengu mzima.

Pengine atatokea msomaji wa kusema kwamba msanii naye hula, na kwamba Kiingereza hufungua milango. Dai hilo ni la haki, lakini halilingani na mfuatano wa mambo: mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na nyimbo za Kiswahili. Wala si kwamba nyimbo hizo hazina kasoro. Mara nyingine mawaidha hurefuka kuliko hoja, na orodha ya taabu hushika mahali pa kisa. Kasoro hizo ni za msemaji anayeogopa kutosikiwa, nazo husameheka upesi kuliko ukimya.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kuhesabu mizani za tenzi, na ni vema. Lakini hadhira ya Remmy Ongala ilianzia Kindu ikafika Dar es Salaam bila kuhitaji mkalimani, na ni watunzi wachache wa vitabu wawezao kudai hadhira kama hiyo. Uhakiki wa Kiswahili unaoishia pwani, au unaoishia kwenye karatasi, utakuwa umeimaliza nusu tu ya methali.