Tuhesabu waliobaki, si walioandikishwa

Wenzangu, mbele ya kuandikisha wanafunzi wa mwaka huu, muniruhusu niikosoe programu yetu ya kusindikiza batoto wa sekondari. Naikosoa nikiwa ndani yake, na kosa la kwanza ni langu.

Mwaka uliopita nilipewa finalisti mmoja wa Kadutu. Tulionana mara mbili kwenye shule yake, halafu yote ikahamia WhatsApp. Tulipanga mazungumzo saa kumi jioni, juu njo saa ilitufaa sisi. Kumbe simu ni ya mama yake, na mama anarudia sokoni usiku. Mutoto alikuwa anajibu saa tatu, kama umeme uko na kama mega zimebaki. Mimi nikaandika kwenye ripoti: "Hana bidii."

Kisha nikapata staji, nikanyamaza. Exetat ilikuwa imebakiza miezi miwili. Siku moja mama yake akanikuta njiani: "Mwanangu, mutoto wangu alikukosea nini?" Sikuwa na jibu.

Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes, Marekani, 2002, unaonyesha jambo hilo. Vijana waliokaa na msindikizaji wao mwaka mzima ao zaidi walifaidika kuliko wengine. Wale walioachwa mbele ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Basi kuacha katikati kunaweza kuumiza. Njo maana swali la "ana kwa ana ao mtandaoni?" ni la pili. La kwanza ni: nani atabaki?

Naomba mambo mane. Mwanafunzi mwenyewe achague saa. Mtandaoni tutume sauti fupi, asikilize akipata simu, tuache video. Jumamosi moja kila mwezi tuonane shuleni. Na kila mutoto awe na wasindikizaji wawili, mmoja akipata kazi mwingine abaki. Pesa ya fulana za ufunguzi inunue mega.

Ripoti nayo ihesabu waliofika na sisi mpaka Exetat, si picha za siku ya kwanza.

Na wewe mwenye nafasi ya wiki chache tu, sema hivyo tangu mwanzo. Kuja kufundisha hesabu Jumamosi mbili ni musaada mukubwa. Lakini usimwambie mutoto "mimi ni yaya yako" halafu upotee.