"Maji Hayatoki" na "Mashine Haitoi Maji": Juu ya Lugha ya Maelezo ya Mashine za Kufulia

Maelezo ya ufundi hayapimwi kwa uzuri wa maneno tu, bali kwa kazi aifanyayo msomaji baada ya kuyasoma. Kwa kipimo hicho, Kiswahili kinachotumiwa kueleza mashine za kufulia zenye mlango wa juu kina upungufu ambao yafaa tuujadili.

Tuchukue maneno ya namna hii: "Endapo kuna hitilafu ya utoaji maji, kagua mfumo wa utoaji maji." Sarufi yake haina kosa; lakini fundi wa Tandala, huko Makete katika mkoa wa Njombe, hapati la kushika. Nomino "utoaji" imemeza tofauti ambayo vitenzi vyetu huihifadhi: kutoa ni tendo la mtendaji, na kutoka ni mwendo wa kitu chenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya mashine zenyewe. Baadhi zina pampu iyasukumayo maji juu. Mpira wake hufungwa juu ya kimo cha maji yaliyomo, ama sivyo maji yatakimbia mashine ingali ikijaa. Nyingine hazina pampu: mota ndogo huvuta vali ikafunguka, na maji hushuka kwa uzito wake. Mpira wa mashine hizo hauna budi kulazwa chini. Basi agizo "inua mpira" ni dawa kwa mashine ya kwanza, na kwa ya pili ndilo ugonjwa wenyewe. Mwenye mashine aweza kulipia matengenezo ambayo hayakuhitajiwa.

Wala hatukosi neno la kutenganisha aina hizo mbili. Katika miradi ya maji vijijini, maji yashukayo kutoka chemchemini bila kusukumwa huitwa maji ya mserereko, na wakazi wa milimani walijua jina hilo kabla ya kuiona mashine. Tukisema "mashine ya pampu" na "mashine ya mserereko", jina lenyewe litamfundisha msomaji mahali pa kuweka mpira.

Baada ya majina, twautazama mpango. Maelezo huorodhesha vipande. Fundi huanza na dalili. Pampu ikivuma na maji yasitoke, yaelekea mpira umeziba, au kifungo cha nguo kimekwama penye pangaboi lake. Ikiwa kimya, ama umeme hauifikii, ama imeungua. Katika mashine ya mserereko, maji yakibaki ndani, utazamwe mpira kwanza, ndipo vali. Yakichuruzika tangu wakati wa kujaza, na mpira umewekwa sawasawa, huenda uzi au kipande cha nguo kimeizuia vali isifunge. Na agizo la kuchomoa plagi litangulie yote, maana mkono waingia majini.

Huenda mtu akasema kwamba "utoaji" ni neno la kitaalamu, na lastahili Kiswahili sanifu. Lakini Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikusudia watu wa nchi mbalimbali wasome kitabu kimoja na kukielewa. Istilahi imfichayo msomaji jambo analolijua tayari haiitumikii nia hiyo. Kwa hiyo watunga istilahi waanze na kitenzi cha fundi, na nomino ifuate pale tu isipopoteza maana.